Fundi, Nizimie Apdeti

Katikati ya Februari 2010 nililetewa kompyuta tano ndani ya siku tatu, zote zina ugonjwa mmoja. Ukibonyeza swichi feni inazunguka, nembo ya Windows XP inatokea, halafu skrini inageuka buluu kufumba na kufumbua, mashine inazima na kuanza upya. Itarudia hivyo hivyo mpaka uchomoe waya ukutani. Ya kwanza ilitoka steshenari iliyo jirani na kibanda changu hapa Kariakoo. Ya tatu ililetwa na mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, ameishika mapajani kwenye bajaji, imefungwa khanga. Maswali yote ya mtihani wa kidato cha nne yalikuwa humo, hana nakala.

"Fundi, jana jioni iliniandikia nisiizime, inaweka apdeti," aliniambia. "Nikaiacha mpaka ikazima yenyewe. Asubuhi haiwaki."

Neno apdeti lilikuwa bado geni mtaani kwetu. Microsoft walikuwa wakizitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi tangu Oktoba 2003, ila sisi zilitupita mbali. Service Pack 2 ya XP, iliyotoka Agosti 2004, ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 266 hivi. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56, hata isipokatika hata mara moja, hiyo ni kazi ya zaidi ya saa kumi, na kila dakika inalipiwa. Tuliisubiri ije kwenye CD mkononi mwa mtu, tukachoma nakala, tukagawana mafundi. Riziki yetu ilikuwa kupiga Windows: mashine ikizingua unahamisha mafaili ya mteja, unafuta diski, unaweka mfumo upya. Virusi navyo vilikuja kwa flashi, kutoka mashine moja kwenda nyingine, kama mafua kwenye daladala.

Kisha, Julai 2009, mkongo wa SEACOM ukafika pwani yetu. Taratibu intaneti ikaanza kushinda imewashwa kwenye ofisi na steshenari. Mashine zilizokaa miaka bila apdeti hata moja zikaanza kuzipokea usiku na mchana, na wenyewe hawajui.

Wiki ile ya Februari niliamini, kama mafundi wenzangu wote, kwamba apdeti ndiyo imeziua. Kilio kilikuwa kikubwa duniani kote. Apdeti yenyewe ilitoka Jumanne tarehe 9, kuziba udhaifu uliokuwemo kwenye kiini cha Windows tangu 1993 na uliotangazwa Januari mwaka huo na mtafiti Tavis Ormandy. Siku mbili baadaye Microsoft walisimamisha kuigawa kwa njia ya kujiendesha. Uchunguzi wao ulipokamilika, jibu lilikuwa jingine kabisa: mashine zilizokataa kuwaka zilikuwa tayari na kirusi kinachoitwa Alureon.

Kirusi hiki kilijificha ndani ya faili dogo, mara nyingi atapi.sys, ambalo Windows inalihitaji ili isome diski yake wakati wa kuwaka. Humo hakionekani wala hakisumbui. Mwenye mashine anachapa barua zake, nacho kinachukua nywila. Ili kifanye kazi, kilikuwa kimekariri mahali hasa zilipo baadhi ya kazi ndani ya kiini cha mfumo. Fikiria mwizi aliyezoea kuingia nyumba ya watu gizani kwa kuhesabu hatua: kumi mbele, tatu kushoto, mlango. Apdeti ilihamisha mlango. Mashine ilipowaka, kirusi kikahesabu hatua zake zile zile, kikaingia pasipo na kitu, na mfumo mzima ukaanguka nacho.

Dawa ilikuwa kuwasha mashine kwa CD ya XP, kubonyeza R, kuingia kwenye ule ukurasa mweusi wa kuandika amri, na kuweka atapi.sys safi kutoka kwenye CD. Kompyuta ya mwalimu iliwaka saa tatu usiku. Maswali yake yalikuwepo yote. Alilia, nami sikuwa mbali.

Lililoniuma zaidi nililisoma siku chache baadaye: walioandika Alureon walikuwa wamekirekebisha ili kisiiangushe tena mashine yenye apdeti mpya. Wezi walitoa apdeti yao kwa haraka, na sisi tulioitwa mafundi tukafanya kinyume. Wateja walikuwa wameogopa. Walikuja na ombi moja, "Fundi, nizimie apdeti," na mimi nilizima. Kufikia mwaka 2012 sikungoja hata kuombwa. Kila nilipopiga Windows, kuzima apdeti ilikuwa hatua ya mwisho, kama kukaza skrubu ya kasha. Mafundi vijana niliowafundisha niliwafundisha hivyo.

Hofu ile haikuwa ya bure, na sitaki kuwadharau waliokuwa nayo. Agosti 2014 Microsoft walilazimika kuondoa apdeti iliyokuwa ikiangusha mashine. Januari 2018 apdeti nyingine ilizifanya baadhi ya kompyuta zenye prosesa za zamani za AMD zisiwake, wakasimamisha kuzigawia. Lakini tulichukua jeraha moja tukalifanya desturi.

Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300. Apdeti ya kuizuia ilikuwa imetoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Mashine mbili zilizoletwa kwangu zikiwa zimefungwa nilizizimia apdeti kwa mkono wangu mwenyewe. Moja ilikuwa ya ile steshenari jirani. Picha za harusi, wasifu wa kazi wa vijana wa mtaa mzima, vyote vilipotea.

Nilichukua daftari la wateja nikaanza kupiga simu, kuwaomba niwawashie apdeti tena. Wengi walikataa. Mwalimu, aliyekwisha staafu, alinikaribisha nyumbani kwake Magomeni. Kompyuta ni ile ile, XP ile ile, ingawa msaada wake uliisha tarehe 8 Aprili 2014. Kwa sababu ya WannaCry Microsoft walikuwa wametoa apdeti ya dharura hata kwa XP, nami nilikuwa nayo kwenye flashi. Kwanza nilinakili mafaili yake yote. Kisha nikaiweka, mashine ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya.

Skrini ikawa nyeusi. Mama akaweka kikombe cha chai chini, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka aliposikia ule wimbo mfupi wa Windows.