Wafalme Wanne Mlangoni

Pokémon Red niliicheza kwa simu, chumbani Kikoni, Kampala. Mwishoni unapigana na Lorelei, Bruno, Agatha na Lance mfululizo, bila nafasi ya kutoka. Ukishindwa na wa nne, unaanza tena kwa wa kwanza. Lance na majoka yake alinirudisha mara sita! Ukimshinda, bado hasimu wako wa utotoni anakungoja.

Toleo la Kiingereza la 1998 linawaita wateule wanne, nami niliridhika. Lakini katika mchezo wa awali, uliotoka Japani Februari 1996, wanaitwa Shitennō, wafalme wanne wa mbinguni. Katika dini ya Kibudha hao ni walinzi wa pande nne za dunia, waliotoka India wakapitia China. Hekalu lao, Shitennō-ji, liko Osaka. Kwa mapokeo lilianzishwa 593. Hata majemadari wanne wa Tokugawa Ieyasu walipewa jina hilo. Mtoto wa Osaka alijua anabisha mlango wa nani. Mimi niliona wapiganaji hodari tu.

Sasa naandika insha juu ya Buganda kwa vitabu vya Kiingereza pekee, maana Kiganda changu ni cha sokoni. Vinasema Katikkiro ni “waziri mkuu”. Nimeshanakili hivyo mara tatu.