Taichi: Safari ya Ngumi ya Kijijini

Mwaka 1644, dola ya Ming ilipoanguka baada ya kuitawala China kwa karibu miaka 300, Chen Wangting alijikuta hana serikali ya kuitumikia. Alikuwa askari mzoefu wa wilaya ya Wen, mkoani Henan. Akarudi kijijini kwao, Chenjiagou, akawa mkulima na mwalimu wa vijana wa ukoo. Huko ndiko alikooanisha mambo mawili ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yakienda kila moja kwa njia yake: mapigano na matunzo ya pumzi. Hivyo ndivyo taichi ilivyozaliwa.

Upande wa mapigano, alichota kwa Jenerali Qi Jiguang, aliyepambana na maharamia wa pwani ya China katika karne ya 16 na kuandika mikao 32 ya ngumi ya kufundishia askari. Mingi ya mikao hiyo imo hadi leo katika taichi ya ukoo wa Chen. Upande wa pili, alichukua mazoezi ya kale ya wafuasi wa falsafa ya Dao: kunyoosha viungo, kushusha pumzi hadi tumboni, kutuliza nia. Shairi linalonasibishwa naye linamwonyesha mzee aliyebaki na kitabu kimoja tu cha kumliwaza, nacho ni cha Kidao, kinachohusu kuulea mwili na roho. Kwa hiyo taichi haikubandikwa utulivu wa moyo baadaye ili kuwavutia wateja. Tangu mwanzo ililelewa na mtu aliyeona vita vya kutosha.

Wapo wanaosimulia asili nyingine. Wanasema mtawa Zhang Sanfeng, akiishi katika milima ya Wudang, alimwona nyoka akipigana na ndege, akatambua kwamba ulaini hushinda ugumu. Ni hadithi tamu, na walimu wengi bado wanaipenda. Lakini mwanahistoria Tang Hao alisafiri hadi Chenjiagou mwanzoni mwa miaka ya 1930, akapekua kumbukumbu za ukoo, na alichokuta kilimwelekeza kwa Chen Wangting. Heshima ya taichi haipungui kwa sababu hiyo. Fani iliyobuniwa na mwanadamu aliyeona dola yake ikianguka, akalima na kuzeeka, iko karibu nasi kuliko ile iliyoshuka mlimani na mtawa asiyekufa.

Kwa vizazi kadhaa siri ilibaki ndani ya ukoo. Aliyeitoa nje ni Yang Luchan, mzaliwa wa Yongnian mkoani Hebei, aliyezaliwa mwaka 1799 katika familia maskini. Inasimuliwa kwamba alifika Chenjiagou kama mtumishi, akawa anachungulia mafunzo usiku, hadi mwalimu Chen Changxing alipotambua kipaji chake na kumpokea rasmi. Iwe alichungulia au la, alihitimu. Alikwenda Beijing, akafundisha watu wa jamaa ya kifalme na walinzi wao, na jina lake likaogopwa na wapiganaji wa mji mzima.

Wakati huo taichi ilikuwa na miruko, vishindo vya miguu na mapigo ya ghafla. Yule mzee wa bustanini anayesogeza mikono polepole bila kukatiza ni mrithi wa mjukuu wa Yang Luchan, Yang Chengfu. Huyu alihamia kusini na kufundisha Shanghai kuanzia mwaka 1928. Wanafunzi wake wengi hawakuwa wapiganaji. Walikuwa wasomi na wafanyabiashara, baadhi yao wagonjwa, katika nchi ambayo wageni waliidhihaki kwa kuiita mgonjwa wa Asia. Yang Chengfu aliondoa miruko, akapanua miondoko, akaipa mwendo mmoja wa taratibu. Mmoja wa wanafunzi wake, Zheng Manqing, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, alipata nafuu, akawa mwalimu mashuhuri, na katika miaka ya 1960 akaifundisha New York.

Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24, uliotokana na mtindo wa Yang, unaomalizika kwa takriban dakika tano au sita. Mamilioni walijifunza. Wapenzi wa mitindo mirefu walilalamika, na walikuwa na hoja, kwani mengi yalipotea. Hata hivyo, bila ufupisho ule mfanyakazi wa kiwandani asingepata nafasi ya kuanza.

Kule Chenjiagou kwenyewe fani ilikaribia kufa. Mwaka 1958 Chen Zhaopi, mwalimu aliyekuwa akifanya kazi mbali na kwao, alirudi kijijini akiwa na umri wa miaka 65. Alikuta waliojua wamezeeka na vijana hawajui. Hakungoja amri ya mtu: alianza kufundisha mwenyewe. Ikaja njaa kubwa, kisha Mapinduzi ya Utamaduni yakamletea fedheha hadharani. Alipofariki mwaka 1972, alikuwa ameacha vijana wanne waliokamilika: Chen Xiaowang, Chen Zhenglei, Wang Xi'an na Zhu Tiancai. Hao ndio waliokuja kuitembeza taichi ya Chen duniani. Katika historia hii nzima hakuna anayestahili shukrani zaidi ya mzee huyo.

Madaktari nao wameipima. Huko Atlanta, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwahusisha wazee 200 wenye miaka 70 na zaidi, na hatari ya kuanguka mara kwa mara ilipungua kwa karibu nusu miongoni mwa waliojifunza taichi. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon walitoa matokeo ya wagonjwa 195 wa Parkinson. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha au ya kuinua uzito. Kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, magoti yamekunjwa kidogo, ni darasa la kutoanguka.

UNESCO iliiweka taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2020. Anayetaka kuanza amtafute mwalimu anayeweza kumtaja aliyemfundisha, na asiwe na haraka ya kumaliza miondoko yote.