Struct (moduli ya Python)
Struct ni moduli ya lugha ya programu ya Python inayogeuza namba kuwa baiti ghafi, na baiti kuwa namba. Amri zake kuu ni pack, inayofunga, na unpack, inayofungua. Umbo la data huelezwa kwa herufi: H ni namba nzima isiyo hasi ya baiti 2, I ya baiti 4. Alama inayotangulia herufi ndiyo nyeti zaidi, nayo husahaulika kwa urahisi: ">" hutanguliza baiti yenye thamani kubwa, "<" yenye thamani ndogo. Namba 1000 ikifungwa kwa "<H" kisha ikafunguliwa kwa ">H" hutoka 59395, bila onyo lolote. Faili la picha la PNG huhifadhi upana wake katika baiti ya 17 hadi ya 20. ">I" huusoma sawasawa.