Masharti ya Kufa: Historia ya Pambano la Wawili Vitabuni na Kwenye Filamu

Pambano la watu wawili ni mapatano kwanza, vita baadaye. Wawili hukubaliana silaha, mahali na saa, na kile atakachokipata mshindi. Hukubaliana pia kwamba wengine wote watasimama kando na kutazama, na hilo ndilo gumu zaidi. Ndiyo maana wasimulizi wamelipenda pambano la aina hii kuliko vita vya majeshi. Vita humchosha msomaji kwa majina na hesabu ya maiti, lakini watu wawili waliofungwa na masharti yaleyale hubeba kisa kizima mabegani mwao. Na ukiyatazama mapambano yaliyodumu katika kumbukumbu za watu, karibu kila mara utakuta kuna sharti lililovunjwa, lililokwepwa au lililowekwa kwa hila. Panga na bastola huja baadaye kumaliza kazi iliyokwishaanza.

Iliad, utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale, unalionyesha jambo hili mapema. Katika kitabu cha 3, Paris, mwana wa mfalme wa Troy, na Menelaus, mfalme wa Kigiriki, wanakubali kupigana peke yao ili vita vya Troy viishe: atakayeshinda amchukue Helen, mke wa Menelaus aliyechukuliwa na Paris, na mali yake, na majeshi yaagane kwa amani. Kondoo wanachinjwa na viapo vinatolewa. Menelaus anamkamata Paris kwa kofia ya chuma na kumburura, lakini mungu wa kike Aphrodite anaukata mkanda wa kofia, anamfunika Paris kwa ukungu na kumrudisha chumbani kwake. Mshindi anabaki uwanjani akimsaka mtu asiyekuwepo. Muda si mrefu mshale unarushwa kutoka upande wa Troy, na viapo vyote vinakuwa bure.

Pambano kubwa zaidi la utenzi huo, la Achilles wa upande wa Wagiriki na Hector wa Troy katika kitabu cha 22, linaanza kwa masharti kukataliwa. Hector, baada ya kukimbizwa mara tatu kuuzunguka mji, anasimama na kupendekeza jambo moja la kiutu: atakayeua aurudishe mwili wa mwenzake kwa watu wake. Achilles anakataa. Hector amevaa deraya aliyomvua Patroclus, rafiki wa Achilles, na deraya hiyo ni ya Achilles mwenyewe, hivyo Achilles anajua mahali penye uwazi shingoni, na hapo ndipo anapochoma mkuki. Sharti lililokataliwa ndilo linalobeba sehemu iliyobaki ya utenzi, hadi mzee Priam, baba yake Hector, anapokwenda usiku kwenye hema la muuaji kuomba maiti ya mwanawe.

Waarabu walikuwa na desturi ya mubaraza: kabla ya majeshi kukutana, shujaa hutoka mbele ya safu, hutaja jina na nasaba yake, na kuita mpinzani. Katika Vita vya Handaki vya mwaka 627, Amr bin Abd Wudd alilivuka handaki la Madina kwa farasi na kuita namna hiyo, akajitokeza Ali bin Abi Talib, kijana kuliko yeye kwa miaka mingi. Amr alishuka farasi, wakapigana kwa miguu, na Ali akamuua. Visa vya maghazi kama hivi vilivuka bahari na kuzaa tendi ndefu za Waswahili, kama Utendi wa Herekali uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, na Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi. Msikilizaji wa pwani aliyajua mapambano ya wawili kwa mashairi ya kughani karne kadhaa kabla ya kuyaona kwenye pazia la sinema.

Uajemi ilitoa kisa kinachouma kuliko vyote vya zama hizo. Katika Shahnameh, kitabu cha wafalme alichokikamilisha Ferdowsi karibu mwaka 1010, mzee Rostam anapigana mieleka na kijana Sohrab bila kujua kwamba ni mwanawe. Sohrab anamwangusha na kuchomoa jambia. Rostam anajiokoa kwa uongo: anadai kwamba desturi hairuhusu kumuua mtu kwa anguko la kwanza, bali la pili. Kijana anaamini na kumwachia. Wanapokutana tena, Rostam anamwangusha Sohrab na kumchoma papo hapo, hajali lile anguko la pili alilolihubiri. Kisha anauona mkononi mwa kijana utepe wa kito aliouacha yeye mwenyewe kwa mama mtoto. Ferdowsi hakuhitaji kumhukumu Rostam. Sharti alilolibuni mwenyewe lilitosha kumhukumu.

Shakespeare aliijua kanuni hiyo vizuri. Pambano la mwisho katika Hamlet, tamthilia ya karibu mwaka 1600, kwa jina ni mchezo wa dau tu: mfalme Claudius ameweka farasi sita kwamba Laertes hatamzidi Hamlet mapigo matatu katika raundi kumi na mbili. Chini ya mchezo huo pana mauaji. Upanga wa Laertes haukufungwa ncha na umepakwa sumu, na kikombe cha divai kina sumu pia. Hila inawarudia wenyewe: malkia anakinywa kikombe, panga zinabadilishana mikono, na wanne wanakufa katika onyesho moja. Wasomaji wa Kiswahili walipata pambano jingine la Shakespeare mwaka 1968, S. S. Mushi alipoitafsiri Makbeth. Humo Makbeth anapigana akiwa na kinga ya ahadi ya wachawi kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, hadi adui yake Macduff anapomwambia kwamba yeye alitolewa tumboni kabla ya wakati wake. Kuanzia neno hilo Makbeth ni maiti inayotembea, ingawa upanga bado uko mkononi.

Enzi za Shakespeare na baada yake, Ulaya ilikuwa inazika vijana wa kikabaila kwa sababu ya heshima, na serikali zikaanza kupambana na desturi hiyo. Ufaransa ya Louis XIII na Kardinali Richelieu ilitoa amri kali mwaka 1626. Mwaka uliofuata, bwana mkubwa François de Montmorency-Bouteville alipigana mchana kweupe katikati ya Paris kuidharau amri hiyo, akakatwa kichwa. Alexandre Dumas aliirudia enzi hiyo mwaka 1844 katika riwaya ya The Three Musketeers. D'Artagnan, mgeni mjini Paris, anajikuta ana miadi mitatu ya kupigana siku moja, saa sita, saa saba na saa nane, na wanaume watatu ambao ni marafiki wao kwa wao. Mara tu panga za pambano la kwanza zinapogusana, askari wa Kardinali wanafika kuwakamata wote, na d'Artagnan anachagua kusimama upande wa wale aliokuja kuwaua. Urafiki mashuhuri wa riwaya hiyo umezaliwa na pambano lisilomalizika.

Dumas alikuwa na asili ya Afrika: bibi yake mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa katika koloni ambalo leo ni Haiti, na baba yake, jenerali wa Mapinduzi ya Ufaransa, alisifika kwa upanga. Mrusi Alexander Pushkin naye alikuwa kitukuu cha Abram Gannibal, Mwafrika aliyepelekwa utotoni Istanbul kama mtumwa na kufikishwa kwa mfalme Peter Mkuu. Mapambano ya wawili katika riwaya za karne ya 19 yana deni kubwa kwa watu hawa wawili.

Urusi ndiko pambano la fasihi lilikofikia kimo chake, kwa sababu waandishi wake walilijua kwa miili yao. Katika Eugene Onegin, riwaya ya mashairi iliyotoka kwa sehemu kati ya 1825 na 1832, Onegin anacheza dansi na mchumba wa rafiki yake Lensky kwa sababu tu amechoshwa na sherehe. Kijana huyo mshairi, ambaye hajafikisha hata miaka kumi na tisa, anamwita kwenye bastola. Pushkin anaonyesha kwa makini kwamba kifo hicho kingeweza kuzuiwa kwa kanuni zenyewe. Onegin anachelewa mno kufika, na msaidizi aliyemleta ni mtumishi wake wa nyumbani, jambo lililokuwa tusi. Zaretsky, msaidizi wa Lensky, alipaswa kuwapatanisha au kulivunja pambano. Hafanyi hivyo. Anapima hatua 32 thelujini kama fundi anayepima kiwanja. Onegin anatangulia kufyatua, na Lensky anaanguka. Kila mmoja aliogopa watu watasema nini, na hofu hiyo ndiyo iliyomuua kijana.

Tarehe 8 Februari 1837, kwa kalenda ya sasa, Pushkin mwenyewe alisimama thelujini nje kidogo ya St. Petersburg akimkabili Georges d'Anthès, afisa Mfaransa aliyekuwa akimwandama mkewe na ambaye majuma machache kabla alikuwa amemwoa dada wa mke huyo. D'Anthès alifyatua kwanza na kumpiga tumboni. Pushkin alirudisha risasi akiwa chini na kumjeruhi kidogo. Alikufa siku mbili baadaye akiwa na miaka 37.

Mshairi Mikhail Lermontov aliandika shairi kali la kumwomboleza, likamponza akapelekwa Caucasus. Riwaya yake A Hero of Our Time ya mwaka 1840 ina pambano ambalo kwa ufundi wa hila halijapitwa. Maadui wa Pechorin, mhusika mkuu, wamekula njama bastola yake isitiwe risasi, naye amejua. Anakubali, lakini anaweka sharti lake: wapigane ukingoni mwa jabali, ili hata jeraha dogo liwe kifo. Mpinzani wake Grushnitsky anafyatua kwanza, Pechorin anakwaruzwa gotini, kisha anatamka mbele ya wote kwamba bastola yake ni tupu na kudai ijazwe. Anampa mwenzake nafasi ya kukiri uongo wake. Grushnitsky anakataa kwa chuki, anapigwa risasi, na ukingo unabaki mtupu. Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, Julai 1841, Lermontov aliuawa kwa bastola na Nikolai Martynov karibu na Pyatigorsk, akiwa na miaka 26.

Baada ya hapo waandishi wa Urusi walianza kuliondolea pambano fahari yake. Tolstoy, katika Vita na Amani, alimpeleka Pierre, mtu mnene asiyejua hata kushika bastola, akamjeruhi Dolokhov, mpiganaji stadi. Chekhov alikwenda mbali zaidi katika hadithi ya The Duel ya mwaka 1891: wanaume wanakusanyika alfajiri, hakuna aliyewahi kuhudhuria pambano, na wanajaribu kukumbuka utaratibu kutokana na walivyosoma kwa Lermontov na Turgenev. Desturi ilikuwa imekwisha, vitabu ndivyo vilivyoitunza.

Filamu zilipokuja ziliurithi upanga pia. The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938 iliwakutanisha Errol Flynn na Basil Rathbone ngazini, na kwa muda vivuli vyao peke yake vinaonekana vikipigana. Rathbone alikuwa hodari wa upanga kuliko Flynn, lakini nafasi ya adui ilimlazimu kushindwa.

Wajapani walikuwa na pambano lao mashuhuri tangu mwaka 1612, Miyamoto Musashi alipomuua Sasaki Kojirō kisiwani Ganryūjima. Masimulizi yanasema Musashi alichelewa makusudi ili kumpandisha mwenzake hasira, na kwamba upanga wake wa mti aliuchonga kwenye kasia akiwa njiani. Yoshikawa Eiji alikifanya kisa hicho riwaya gazetini kati ya 1935 na 1939, na Inagaki Hiroshi akakitengenezea filamu tatu kuanzia 1954, Mifune Toshiro akiwa Musashi. Kurosawa Akira alimtumia Mifune huyohuyo mwishoni mwa Sanjuro mwaka 1962. Wanaume wawili wanasimama karibu karibu, kimya, muda mrefu usiovumilika, kisha pigo moja, damu inaruka, na basi.

Mwitaliano Sergio Leone alijifunza kwa Kurosawa, tena kwa kuichukua filamu yake ya Yojimbo bila ruhusa, jambo lililomgharimu malipo kwa Wajapani. Katika The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966 aliwasimamisha watatu kwenye uwanja wa duara katikati ya makaburi yaliyojengwa na askari wa Hispania mkoani Burgos. Muziki wa Ennio Morricone unapanda, kamera inasogea kutoka mikono hadi macho. Kisha inabainika kwamba bastola ya Tuco, mmoja wa watatu hao, ilikuwa imetolewa risasi usiku uliotangulia, na ni mtu mmoja tu aliyejua. Ni hila ya njama dhidi ya Pechorin, imehamia makaburini.

Mwaka 1972 Bruce Lee alifanya kinyume. Katika Way of the Dragon, yeye na Chuck Norris wanakutana kwenye Colosseum ya Roma na kila mmoja anamwacha mwenzake anyooshe viungo kwanza. Masharti yanaheshimiwa hadi mwisho, na mshindi anaufunika mwili wa aliyeshindwa kwa nguo na mkanda mweusi wa marehemu mwenyewe. Kumbi za sinema za Dar es Salaam na Unguja zilijaa kwa filamu za aina hii, na baadaye vibanda umiza vikaziendeleza kwa kanda za video. Wasimulizi kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya waliwapa stelingi na adui maneno ya Kiswahili, wakirudisha pambano kwenye sauti ya mtambaji.

Ridley Scott alianza kazi ya filamu ndefu mwaka 1977 kwa The Duellists, kutoka hadithi ya Joseph Conrad ya 1908: maafisa wawili wa Napoleon wanapigana kwa takriban miaka 15 hadi sababu inasahaulika. Mmoja anapoishiwa risasi, mwenzake anakataa kumuua na kumwekea sharti la kuishi kama mtu aliyekwisha kufa.

Miaka 44 baadaye Scott alitengeneza The Last Duel, kuhusu pambano halisi la Desemba 1386 huko Paris kati ya Jean de Carrouges na Jacques Le Gris, lililoruhusiwa na mahakama ili Mungu aamue nani mkweli. Marguerite, mke wa Carrouges, alikuwa amemshtaki Le Gris kwa kumbaka. Mume akishindwa, mke angechomwa moto akiwa hai kwa ushahidi wa uongo. Filamu inasimulia kisa mara tatu, na mara ya tatu ni ya Marguerite. Baada ya wachumba na mabinti wengi wa vitabu waliokuwa sababu tu ya wanaume kuuana, hapa mtazamaji anamwona mwanamke anayebeba adhabu nzito kuliko wapiganaji wote wawili, kwa masharti ambayo hakuulizwa. Le Gris aliuawa na mwili wake ukatundikwa kwenye jukwaa la kunyongea la Montfaucon. Carrouges alipewa fedha na mfalme, akaenda kanisa la Notre-Dame kushukuru.