Lenzi pana za zamani na lenzi za zumu

Siku hizi ni vigumu kuona ndoa au ubatizo pasipo mpiga picha. Mara nyingi ni kijana, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha. Basi kati ya vijana hao kuna ubishi usiokwisha. Wengine wanasema: lenzi ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono, ni chuma cha kutupa, mtu mwenye akili anunue zumu. Wengine wanajibu kwamba wazee walijua kazi, na vitu vya leo ni plastiki tupu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinasema bila kujua mambo yalivyotokea. Tena si ubishi wa bure, maana kijana anaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima kwa lenzi moja tu. Ndiyo sababu nimeona vema kueleza hapa historia yake.

Lenzi ni jicho la aparei. Ni bomba lenye vipande vya kioo vinavyokusanya mwanga na kuutupa juu ya filimu, au juu ya sensa katika aparei za leo. Juu yake imeandikwa hesabu ya milimita. Kwa filimu ya milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 50 inaona pembe ya digrii 46 hivi, ya 28 inaona digrii 75, na ya 20 inaona digrii 94. Hesabu ikipungua, jicho linapanuka. Ukiwa ndani ya nyumba ndogo pamoja na ukoo mzima wa bibi arusi, na mgongo wako umekwisha kugusa ukuta, lenzi pana peke yake itakusaidia.

Ufundi wa Bwana Daguerre ulitangazwa Paris mwaka wa 1839. Mwaka uliofuata Bwana Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu huko Vienna, alibuni lenzi ya kupiga sura za watu, iliyopitisha mwanga mwingi kupita zile za kwanza. Hesabu zake zilikuwa nyingi hata akapewa askari wa mizinga waliozoea kukokotoa, wapate kumsaidia. Tulikumbuke jambo hilo, maana litarudi mbele. Mwanga ukiingia katika kioo unapinda, na fundi wa lenzi lazima aufuate mshale mmoja mmoja wa mwanga, kipande kwa kipande, mpaka aone unapoangukia.

Lenzi ya Petzval ilikuwa safi katikati, lakini pembeni picha ilivurugika. Kuona upana ndiko kugumu. Mwaka wa 1900 kiwanda cha Goerz cha Berlin kilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon. Ilikuwa na vipande viwili tu, vimepindika kama vibakuli, nayo iliona digrii zipatazo 135. Ila katikati palipata mwanga mwingi mno kuliko pembeni. Mafundi wakaweka mbele yake nyota ndogo ya chuma. Mpiga picha alibana mpira wa hewa, nyota ikazunguka kama feni na kupaziba katikati kwa muda, kisha ikaondolewa ili katikati napo papate sehemu yake. Jambo hilo linachekesha kidogo, lakini lilifaa kazi.

Mwaka wa 1925 aparei ndogo ya Leica, kazi ya Bwana Oskar Barnack, ilionyeshwa katika soko kuu la Leipzig, na tangu hapo filimu ya milimita 24 kwa 36 ikaenea duniani. Kwa aparei ndogo za namna hiyo lenzi pana ziliweza kukaa karibu sana na filimu. Lenzi Biogon ya milimita 21, iliyobuniwa na Bwana Ludwig Bertele kwa kiwanda cha Zeiss na kuanza kuuzwa mwaka wa 1954, ilikuwa na kipande cha nyuma kilichoingia ndani ya aparei karibu kuigusa filimu. Mistari ya nyumba ilibaki minyofu kabisa. Hata leo wanaoipenda wanaisifu kwa unyofu huo.

Lakini wakati ule ule aparei za namna nyingine zilikuwa zinaleta shida. Ndani yake mna kioo cha kujitazamia, kilichoinama kati ya lenzi na filimu, ili mpiga picha aone sawasawa kile ambacho lenzi inakiona. Kioo hicho kinainuka wakati wa kupiga, na ili kiinuke kinahitaji nafasi ya milimita 40 hivi. Sasa lenzi ya milimita 35 ya namna ya kawaida inataka kukaa milimita 35 hivi tu kutoka filimu. Itakaa wapi? Kioo kitaigonga.

Aliyefungua fundo hilo kwa aparei za picha ni Mfaransa Pierre Angénieux, mzaliwa wa Saint-Héand, mwaka wa 1950. Aliweka mbele ya lenzi kipande kikubwa kinachotawanya mwanga kabla ya kuukusanya, kama mtu anayegeuza darubini na kuchungulia upande wa pili. Hivyo lenzi iliweza kukaa mbali na filimu na bado ikaona upana. Watu wa sinema walikuwa wamekwisha kutumia njia hiyo, lakini jina alilolipa lenzi yake, Retrofocus, ndilo lililokuwa jina la namna yote. Kiwanda cha Nikon cha Japani kilipotoa aparei yake Nikon F mwaka wa 1959, lenzi yake ya milimita 21 ilikuwa bado ya namna ya Biogon: ilibidi kuinua kioo kwanza na kukiacha juu, mpiga picha akachungulia katika kidirisha cha pembeni. Mwaka wa 1967 wakatoa ya milimita 20 ya namna ya Angénieux, na shida hiyo ikaisha.

Lenzi hizo zote zina urefu mmoja. Ukitaka mtu awe mkubwa katika picha, unamwendea kwa miguu. Na kazi ya kulenga umbali unaifanya kwa mkono, kwa pete iliyoandikwa mita. Vijana wengi hawajui maana ya mistari midogo iliyo karibu na pete hiyo. Chukua lenzi ya milimita 28, funga tundu lake mpaka namba 8, weka pete kwenye mita 3.3. Kila kitu kuanzia mita 1.7 hivi hadi milima ya mbali kitatokea wazi, wala huna haja ya kugusa pete tena. Hakuna mota iliyo upesi kuliko pete isiyohitaji kuguswa.

Nchi yetu ina ukumbusho wa nyakati hizo. Tarehe 29 Juni 1960, kesho yake ikiwa ni uhuru, Mfalme Baudouin alikuwa anapita Léopoldville katika gari wazi. Ambroise Boimbo akaunyakua upanga wake, na Mjerumani Robert Lebeck akapiga picha: mtu anakimbia na upanga mkononi, na mfalme angali amesimama garini. Zumu ya kwanza ya aparei ndogo za picha ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na karibu wapiga picha wote wa magazeti walikuwa wanafanya kazi na lenzi za urefu mmoja.

Zumu yenyewe ni nini? Ni lenzi ambayo vipande vyake vya ndani vinasogea, hata milimita zake zinabadilika bila mtu kuhama. Watu wa sinema waliipata mapema: lenzi Varo ya milimita 40 hadi 120 ilitoka mwaka wa 1932. Kwa aparei za picha ilikuja mwaka wa 1959, nayo ni Zoomar ya Voigtländer, milimita 36 hadi 82, kazi ya Bwana Frank Back, mtu wa Vienna aliyehamia Marekani. Ilikuwa na vipande 14 vya kioo.

Hapo ndipo shida ilipo. Kila uso wa kioo usiopakwa kitu unarudisha nyuma mwanga kiasi cha 4 kwa mia. Zumu yenye nyuso 22 zinazogusa hewa ingepitisha 40 tu kwa mia, na sehemu ya ule uliobaki ingetangatanga ndani ya bomba na kuipausha picha. Zumu zisingefaa kitu kama Bwana Alexander Smakula wa Zeiss asingalivumbua, mwaka wa 1935, namna ya kukipaka kioo utando mwembamba sana unaozuia mwanga usirudi. Tena fundi wa zumu lazima asahihishe makosa ya lenzi kwa kila milimita, si kwa moja tu. Zumu ya Nikon ya mwaka wa 1963, milimita 43 hadi 86, iliuzwa sana, lakini ilipinda mistari ya nyumba kama pipa. Kwa lenzi pana mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wazee walioidharau zumu walikuwa na haki, kwa zumu za siku zao.

Kisha zikaja kompyuta, na ile kazi ya askari wa Petzval ikafanyika kwa dakika chache. Mwaka wa 2007 Nikon walitoa zumu ya milimita 14 hadi 24, tundu 2.8, na wapiga picha wengi wakakiri kwamba inashinda lenzi nyingi za urefu mmoja hata pembeni. Lakini ilikuwa na uzito wa kilo moja. Ile iliyotoka mwaka wa 2020 kwa aparei zisizo na kioo cha kuinuka ina gramu 650. Lenzi ya milimita 28 ya mwaka wa 1981, yenye vipande 8, ina gramu 250 tu.

Basi nasema wazi: kwa ukali wa picha, zumu nzuri ya leo imewapita wazee. Anayekataa hilo anapenda chuma kuliko picha. Ila zumu nyingi za leo bado zinapinda mistari. Aparei yenyewe inainyosha kwa kukokotoa kabla hujaona picha.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya wenye viwanda havilisemi sana, nalo ni kuvu. Katika nchi ya mvua na joto kuvu inaota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na ikikaa muda mrefu inakula utando na hata kioo chenyewe. Lenzi ya zamani ni shaba, alumini na skrubu. Fundi mvumilivu anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha. Zumu ya leo ina mota na nyaya bapa nyembamba kama karatasi, na kipande kikihama kidogo tu upande mmoja wa picha unafifia. Vifaa vyake vinatoka kiwandani. Pia nyingi zina pete isiyosogeza kitu mpaka umeme uwepo.

Aparei zisizo na kioo cha kuinuka zimeifungulia lenzi ya zamani mlango mpya, maana kwa pete ya kuunganisha karibu kila lenzi inaingia. Lakini angalieni: zile za namna ya Biogon, zilizopendwa kwa unyofu, mara nyingi haziipendi sensa. Mwanga wake unafika pembeni umelala mno, na kona za picha zinakuwa na rangi ya zambarau. Ndugu wa lenzi ya Angénieux, zilizobuniwa kwa ajili ya kioo ambacho sasa hakipo, ndizo zinazofanya kazi vizuri.

Kwa hiyo kijana anayetaka kununua lenzi ya zamani achukue tochi, afungue tundu lote, amulike kutoka nyuma na kuchungulia kutoka mbele. Nyuzi nyeupe ni kuvu. Azungushe pete mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, mafuta yake yamekauka. Halafu afunge tundu na kulifungua mara kadhaa; mabati yake madogo yakisita, yameloa mafuta, na bei ishuke kwanza.