Kukandika Nyumba na Habari za Papasi

Masika yakiisha, wenye nyumba za udongo hapa kwetu Katubuka huchukua udongo laini, wakaziba nyufa za kuta na kusiriba sakafu. Wengine hudhani ni urembo tu. Nasi tulidhani hivyo, mpaka tuliposoma habari za papasi.

Mdudu huyu hujificha mchana katika vumbi na nyufa, na usiku hutoka kumwuma aliyelala. Livingstone, aliyekutana na Stanley Ujiji, jirani zetu, mwaka 1871, alikwisha kuandika habari za kuumwa kwake katika kitabu cha 1857. Lakini kwamba papasi huleta homa ya vipindi, waganga hawakuthibitisha mpaka miaka ya 1904 na 1905. Mmoja wao, Dutton, alipatwa na homa hiyo hiyo aliyoichunguza, akafa Kasongo, Februari 1905. Kasongo ni katika Manyema, asili ya watu wengi wa Ujiji.

Basi mama akandikaye ukuta alikuwa akifunga mlango wa adui kabla ya waganga kumjua. Lakini mkeka mpya wa ukindu, hata uwe na rangi nzuri namna gani, ukitandikwa juu ya sakafu yenye nyufa, humfunika papasi tu.