Dola 284: Malec Waliouliza Chama "Pesa Yetu Inaenda Wapi?"

Fikiria umeajiriwa kufundisha chuoni. Mwisho wa mwezi unaangalia slipu ya mshahara, unapata kuna pesa imekatwa ikaenda kwa chama cha wafanyakazi. Shida ni moja tu: wewe si memba. Hukujaza fomu yoyote. Ukiuliza, unajibiwa, "Kwani nyongeza tuliyokupigania hukuchukua?"

Mambo kama haya yaliwakuta wahadhiri wa Ferris State College, chuo cha umma kule Big Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka wa 1981 chuo na chama cha wahadhiri walikubaliana hivi: kama hutaki kuwa memba, sawa, lakini utalipa ada ya huduma. Na ada hiyo ilikuwa sawasawa na ile ya memba. Kwa mwaka wa 1981-82 ilikuwa dola 284.

Kabla hujakasirika, sikiza upande wa chama. Kwa sheria ya Michigan, chama kikishachaguliwa na wengi kinawakilisha kila mtu kwenye meza ya mazungumzo, hata wale wasiokipenda. Na ni lazima kiwatetee wote bila ubaguzi. Sasa ni kama mathree: konda akikubali watu wapande sare, wanaolipa nauli watajiona wajinga, na mwishowe gari litakosa mafuta. Hapo chama kina pointi.

Lakini waliopinga nao walikuwa na jibu lao: mimi sikupanda hii gari. Mmenivuta ndani, mkafunga mlango, halafu mkanidai nauli. Na mbaya zaidi, sijui mnanipeleka wapi.

Ukiangalia hesabu unaelewa mbona walishuku. Kati ya zile dola 284, chama cha pale chuoni kilibaki na dola 24.80. Chama cha walimu cha jimbo kilichukua 211.20, na kile cha kitaifa 48. Yaani katika kila dola 10, zaidi ya 9 zilitoka Big Rapids. Nyingine zililipia ushawishi wa kisiasa na matangazo, vitu ambavyo mhadhiri fulani huenda hakubaliani navyo kabisa.

Wakaenda kortini. Kesi ikabeba jina la mmoja wao, James Lehnert, na ikasukumwa miaka mpaka ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Uamuzi ulitoka tarehe 30 Mei 1991, na kila upande ulipata kitu.

Mahakama ilisema wasio memba wanaweza kutozwa gharama zinazohusiana na mazungumzo ya mikataba, hata sehemu ya zile za chama cha jimbo na cha kitaifa, kwa sababu siku moja msaada wao unaweza kuhitajika pale chuoni. Cha kushangaza, walitakiwa kuchangia hata maandalizi ya mgomo, na kwa sheria ya Michigan wafanyakazi wa umma hawakuruhusiwa kugoma! Lakini kuwashawishi wanasiasa kuhusu mambo yasiyo ya mkataba wao, kesi za watu wengine, na kampeni za kung'arisha jina la ualimu? Hapana. Hizo chama kijilipie na pesa ya memba.

Kwangu mimi, hapo ndipo palikuwa pazuri: lipia kazi uliyofanyiwa, usilazimishwe kulipia siasa za mtu.

Lakini stori haikuishia hapo. Mwaka wa 2018, kwenye kesi ya Mark Janus, mfanyakazi wa serikali jimbo la Illinois aliyekuwa akikatwa dola 44.58 kwa mwezi, Mahakama hiyo hiyo iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mfanyakazi wa umma asiye memba asikatwe hata senti bila idhini yake. Chama bado kinapaswa kumtetea. Nauli ndiyo imefutwa. Na hapa tuwe wakweli: Lehnert na Janus wote waliwakilishwa na mawakili wa taasisi ile ile, ambayo kazi yake ni kupinga malipo ya lazima kwa vyama. Kwa hivyo hata anayepinga chama, uliza nani anamlipia wakili. Swali la "pesa inatoka wapi" halina upande.

Na sisi Kenya? Hapa wahadhiri walipigania hata haki ya kuwa na chama. Chama chao kilipigwa marufuku 1980 enzi za Moi. Walipojaribu tena miaka ya 1990 walinyimwa usajili, na UASU ikasajiliwa 2003 baada ya serikali kubadilika. Watu walipoteza kazi kwa sababu ya hii kitu, usiichukulie poa.

Na hilo swali la Big Rapids tunalo pia. Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu wa kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 49, inaruhusu wasio memba wanaofaidika na mkataba wa pamoja wakatwe ada ya uwakala. Ukijiuzulu uanachama, ada bado inakufuata.

Mimi siipingi hiyo ada. Mkataba ukiongeza mshahara wako, changia. Lakini anayekatwa pesa bila kuulizwa ana haki ya kuona hesabu, tena kwa lugha anayoelewa: hii ililipa mawakili, hii ilienda makao makuu, hii tulikunywa chai. Chama kikimwita msaliti kwa kuuliza, ndicho kinachomfukuza.

Wengi wenu mtaajiriwa hivi karibuni, Mungu akipenda. Slipu ya kwanza ikifika, msiangalie tu ile namba ya chini. Someni makato moja moja, halafu muulize.